Picha ya Mama Mkwe Dirishani

Jumapili

Mafuta ya kupikia ndiyo yaliyong'oa ile gundi. Maji ya moto na sabuni vilishindwa. Nilipaka, nikangoja, nikasugua kwa kitambaa mpaka alama zote nne za selotepu zikatoka kwenye kioo cha dirisha.

Ile picha ya Bikira Maria mama mkwe aliibandika siku shemeji Eriki alipopanda ndege ya kwenda ng'ambo kwenye uwanja wa Kanombe. Alisema itabanduliwa mwanawe akirudi. Na mimi, kwa kuwaonea aibu wageni wa kazini tu, nikaibandua. Ikachanikia mikononi mwangu.

Mama mkwe aliporudi kutoka misa alikitazama kioo. "Umefanya kazi, mwanangu. Pole."

Jioni akasimama palepale na rozari yake, mbele ya kioo kitupu. Alimwombea Eriki. Kisha akaniombea mimi.