Kitambaa Nilichokikunja kwa Ndani

Nyumbani, Ghorofa ya Tatu,
Juu ya Duka la Ushonaji.
Jumapili alasiri, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na shemeji na wapwa zangu. Natumai hamjambo, na ule mgongo wako umeacha kukusumbua. Ulisema baridi ya huko inaingia mpaka kwenye mifupa. Nimekushonea koti zito, ila bado natafuta mtu wa kukuletea. Mama hajambo. Meno yanamsumbua lakini ulimi ni mzima kabisa, nitakueleza aliyoniambia.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Ya moyoni ndiyo yaliyonikalisha kitako niandike, maana kwenye simu utacheka kabla sijamaliza, na safari hii nataka usikie mpaka mwisho ndipo ucheke.

Unakumbuka ulivyonibandika jina la Macho utotoni, kwa sababu nilikuwa naitazama sahani yako kabla ya kutazama yangu. Basi macho hayo hayajazeeka.

Mwaka jana daktari wa hospitali kubwa alimwambia wifi yako kwamba goti lake halitapona asipopunguza uzito. Wakati huohuo, ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na cherehani yangu, pakafunguliwa kliniki ya kupunguza uzito. Akajiandikisha. Mimi nikambariki, kwa kuwa nilikuwa sijamwona mwenye kliniki.

Mwenye kliniki ni daktari mrefu, meno yote yapo, na hujipulizia manukato yanayofika dukani kwangu kabla yake. Mimi namwita Manukato. Tena ni mteja wangu, maana namshonea makoti meupe, yeye na manesi wake. Fikiria, dada, namzungushia futi kiunoni huku ananiambia wateja wake wote wanaendelea vizuri. Kitu kimoja tu kilinifariji: tangu afungue, kiuno cha koti lake nimekiachia mara mbili. Tumbo linamkua mtu anayepunguza matumbo ya wenzake. Siri hiyo niliimung'unya peke yangu kama pipi.

Wifi yako akaanza kupungua. Kila baada ya muda ananiletea gauni nilibane ubavuni, analivaa, anageuka mbele ya kioo, ananiuliza namwonaje. Nasema vizuri. Moyoni nauliza, vizuri kwa ajili ya nani? Akanunua raba. Akaanza kuimba akioga. Asubuhi anatoka nikiwa bado kitandani, anarudi na jasho na kicheko ambacho hakukianzia kwangu.

Nikuambie lililoniuma zaidi. Ngazi za nyumba hii unazijua. Zamani akirudi sokoni ilikuwa lazima asimame kwenye kona ya ghorofa ya pili avute pumzi. Nikisikia tu nyayo zimesimama, nashuka na glasi ya maji. Anakunywa, ananishika bega, tunapanda pamoja tukiwateta majirani. Siku hizi kona ile anaipita kama haipo. Mara ya kwanza nilishuka na glasi yangu tukapishana mlangoni, yeye anaingia, mimi natoka na maji. Nilimchukia Manukato kwa glasi ile kuliko kwa manukato yake yote.

Watu husema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Uongo mtupu. Nimeshiriki mwaka mzima na suruali zangu ndizo zinazonibana.

Sasa Jumanne iliyopita, nikiwa katikati ya mkono wa shati, likasimama gari la mamlaka ya afya mbele ya kliniki. Wakashuka watu watatu wenye mikoba, wakiongozwa na mama mmoja aliyevaa viatu vya chini na asiye na haraka. Wakaguzi. Kwa bahati nilikuwa na makoti mawili ya manesi yaliyokwisha, nikayatupia mkononi nikavuka barabara. Sitakudanganya: sikwenda kupeleka makoti. Nilikwenda kumwona mtu akivuliwa nguo hadharani.

Hakuna aliyenifukuza. Yule mama mkaguzi alifungua friji ya dawa akakuta, ubavuni mwa sindano, bakuli la chakula na chupa ya juisi iliyonywewa nusu. Akauliza ni vya nani. Manukato akasema ni vya nesi. Nesi akasema yeye tangu asubuhi amekunywa maji tu. Kisha wakaomba leseni. Cheti cha ukutani kilikuwa halali, lakini leseni ya mwaka ilikuwa imekwisha na hakuihuisha. Jasho likamtoka, koti likamkaba mgongoni, na mimi niliyelishona nilijua limekaba wapi. Roho yangu ikanywa maji baridi.

Halafu mkaguzi akawageukia waliokaa kwenye mabenchi, mmoja mmoja, akiuliza kila mtu anatibiwa nini na nani. Wifi yako alikuwa wa mwisho. Mwaka mzima nilitaka kujua kinachoendelea nyuma ya mlango ule, na sasa serikali yenyewe ilikuwa inaniulizia.

"Mimi sijachomwa sindano hata moja," akasema. "Nesi ananipima uzito, halafu tunakwenda kutembea na wenzangu. Huyo daktari nilimwona siku ya kwanza tu. Alinipima presha, akaniambia nipunguze chumvi, akaenda kula."

Kina mama wakacheka, na mkaguzi naye akainamisha uso. Hapo ndipo nilipotakiwa kufurahi. Mwaka mzima nimemwonea wivu mtu asiyelijua hata jina la mke wangu. Lakini dada, niliumia zaidi. Kumbe hakukuwa na mtu. Amepungua kwa miguu yake mwenyewe. Manukato ningeweza kugombana naye. Na miguu ya mke wangu nitagombana vipi?

Chumba cha dawa kikafungwa kwa utepe wa mamlaka, na kliniki ikaambiwa ifunge mpaka irekebishe kasoro. Watu wakaruhusiwa kwenda. Wifi yako aliponyanyuka akaniona nimesimama na makoti mkononi, na ule uso wa furaha niliokwenda nao nilikuwa bado sijauondoa.

Tukavuka barabara. Tulipofika mlangoni akaniuliza kama ni mimi niliyewaita wakaguzi. Nikamwapia kwa uhai wa Mama kwamba si mimi. Na ni kweli. Nilitamani, ila sikuwaita. Akanitazama sana, akasema ananiamini, kwamba nina wivu lakini si mchawi. Usiku huo nililala vizuri.

Alhamisi akataka kuvaa gauni la kijani, mojawapo ya yale niliyombania. Likamvimba ubavuni. Akaketi dirishani na wembe afumue aone kuna nini.

Kazi yetu unaijua. Gauni ukilibana sana, kitambaa kinachozidi unakikata, unaacha kidogo tu cha mshono, unapiga pasi, nguo inalala mwilini. Ndivyo nilivyowafundisha wote waliopita mikononi mwangu. Ya wifi yako sikuyakata hata mara moja. Kila alipopungua nilikikunja kitambaa kwa ndani, nikapitisha mishono mikubwa ambayo ukivuta uzi mmoja yote inaachia. Magauni matano, yote hivyohivyo.

Akavuta uzi. Kitambaa kikafunguka kikamjaa mapajani. Akaenda kabatini akaleta mengine manne, akafumua moja baada ya jingine. Alipomaliza akasema kwa sauti ya chini kwamba sasa ameelewa kwa nini watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Nikajitetea kwamba kitambaa ni kizuri, kwamba nilikuwa naweka akiba.

"Akiba ya nini?" akaniuliza. "Ulikuwa unasubiri nirudi."

Nikainama kuokota nyuzi sakafuni.

"Kuhusu wakaguzi nilikuamini," akasema. "Sasa sijui."

Tangu siku hiyo ananisemesha kama mteja. Asante fundi, samahani fundi. Nilipompigia Mama nikitaka huruma, akaniambia mume anayetaka mkewe aumwe ili apate wa kumpelekea maji, akasomee unesi. Huo ndio ulimi niliokuambia ni mzima.

Ndiyo maana nakuomba, dada, mwandikie wifi yako. Wewe anakusikiliza. Mwambie nina macho mabaya tangu utotoni, lakini sahani yako nilikuwa naitazama tu, sikuwahi kuiba. Inaniuma kuitwa mwongo kwa jambo ambalo nilisema kweli, hata kama shahidi aliyeniangusha nilimshona mwenyewe.

Leo mchana, kabla hajatoka kutembea (siku hizi wanakutana na yule nesi kituo cha mafuta, kliniki iwepo isiwepo), aliyapanga magauni yote matano juu ya meza ya chakula, akaweka na mkasi wangu mkubwa juu yake. Akasema tu kwamba atarudi kabla ya giza. Mimi ninayekata vitambaa vya maharusi bila kuchora chaki nimekaa mbele ya mkasi ule nikashindwa kuugusa. Nikikata, yule mke aliyekuwa akinishika bega hana tena nguo katika nyumba hii. Nisipokata, huyu mwenye raba hataniamini tena hata nikimwambia mvua inanyesha. Nikachukua kalamu badala ya mkasi, na umeona barua ilivyorefuka.

Msalimie sana shemeji, mwambie suruali zake ziko tayari na nimeacha nafasi kiunoni, namjua. Wapwa zangu nawabusu wote. Mama anakusalimu na anasema upige simu. Mwenyezi Mungu akukinge na baridi hiyo, akurudishie mgongo wa ujana.

Nasikia mlango wa chini. Ni yeye, nyayo zake nazijua hata ndani ya raba. Zamani ningekuwa na muda: angesimama kwenye kona ya ghorofa ya pili, nami ningeficha barua na kuupanga uso. Ameshaipita kona, hakusimama. Nimelivuta la kijani na mkasi uko mkono wa kulia. Haya naandika kwa wa kushoto, usiushangae mwandiko.

Mdogo wako, akupendaye kwa macho yote mawili,

Macho