Namba Tisa Bado Ina Joto

Duluth, Machi 19

Dada yangu mpendwa Aili,

Nakusalimu wewe na nyumba yote. Hujambo? Mgongo umepoa? Na kuni za sauna, nani anakupasulia siku hizi? Mimi mwili ni mzima, usingizi tu ndio umenikimbia. Mkate wa iliki ulionitumia ulifika ukiwa laini bado, na nimeula wote peke yangu bila haya.

Utauliza kwa nini nakuandikia wakati simu zipo. Nimeishika simu mara tatu, na mara zote tatu ulimi umekuwa mzito.

Mchungaji alinipigia Jumapili. Alisema umekataa tena kumfanyia mumeo Wendell ibada ya mazishi, mwezi wa pili sasa, na kwamba ulimwonyesha simu yako: kihisi namba tisa, digrii thelathini na nne. Ulimwambia mfu hana joto la namna hiyo. Hata yeye nywele zilimsimama. Kisha akaniambia kwamba kila alasiri unatembea juu ya ziwa hadi pale alipozama, unamwita. Aili, barafu ya Machi unaijua.

Sina haja ya kukukumbusha kwamba vile vihisi kumi na viwili vya ziwani niliviandikia programu mimi. Kila kimoja hupima unene wa barafu na joto, kikarusha namba hadi kompyuta yangu hapa, nayo ikazituma kwenye simu zenu. Siku ile Wendell alikwenda kuipa namba tisa programu mpya. Kihisi kilichoganda hakipokei kitu, na dawa yake unaijua: alikitia ndani ya shati, kifuani, akakiatamia kama kuku, kompyuta ikiwa magotini. Alinipigia akiwa hivyo hivyo. "We shemeji," akanitania, "unapika namba ofisini, halafu mimi ndiye wa kuzila baridini!" Nikacheka. Akasema atarudi nacho kifuani hivyo hivyo, kwa njia ya mkato, maana namba tatu inaonyesha inchi kumi na nne, gari linapita bila wasiwasi.

Namba tatu ilikuwa imekufa siku tatu kabla.

Msimu uliopita Wendell alinicheka mbele ya kamati ya ziwa, eti skrini yangu ina mapengo kama kinywa cha kibogoyo. Ni kweli, theluji ikifunika antena namba hukatika. Lakini nilichukia, unanijua nilivyo. Nikaongeza mstari mmoja wa programu kwenye kompyuta: kihisi kikinyamaza, rudia namba yake ya mwisho. Mapengo yakaisha, nikapigiwa makofi, na Wendell ndiye aliyepiga kwa nguvu zaidi.

Mstari huo ndio uliompitisha kwenye barafu ya inchi mbili, iliyokwisha kuliwa na mkondo kutoka chini. Na ndio huo huo uliokuwa ukikuambia kila dakika kumi kwamba kifua chake kina joto. Nilijua tangu siku wapiga mbizi walipotoka mikono mitupu, nikanyamaza. Niliogopa kukupoteza. Mumeo nimemuua mimi, dada, kwa kuogopa kuchekwa.

Jana mchana niliufuta mstari ule. Namba tatu ikatoweka. Namba tisa ikatoweka. Nikalia, kisha nikahisi nafuu.

Leo saa sita mchana namba tisa imerudi. Digrii nne. Nimeipekua programu yote, hakuna kinachoituma, na mawimbi ya redio hayapenyi maji. Lakini digrii nne ndilo joto la sakafu ya ziwa wakati wa baridi. Tangu hapo inaleta hizo hizo, kila dakika kumi.

Mimi sijui anayesema ni nani. Kama ni yeye, basi anakuambia alipo, na hayuko mahali pa joto. Usiende tena kumwita. Mzike, Aili. Ukitaka nije nitakaa benchi la nyuma, na usipotaka kuniona, nitaelewa.

Msalimie mchungaji, na majirani wote wanaonikumbuka kwa wema.

Ni mimi mdogo wako,
Tauno