Ngazi za Bwana Harusi

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai mgongo umepoa na Mama hajambo. Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu.

Najua bado umeninunia kwa kuacha chuo cha ualimu. Lakini habari hii nisipokupa wewe nimpe nani? Nimepata kazi ya kuendesha basi la watalii. Tunawapeleka mahali zilipopigwa picha zile sinema za mapenzi za kuchekesha, zilezile ulizoonyesha pale ukumbini miaka ishirini na sita. Baba, ngazi zipo kweli! Zile anazotelezea bwana harusi na keki mkononi. Nimezihesabu, thelathini na mbili. Si za marumaru kama tulivyodhani. Ni saruji tupu, na pembeni wanauza miwani.

Mwanao,
Kitindamimba

19 Mei

Baba,

Shikamoo. Hii barua ya nne, jibu hakuna. Dada anasema unazisoma, unazikunja, unatia mfukoni. Haya, na hii itie.

Jumamosi mwongozaji wetu, anayewasimulia watalii, sauti ilimkauka kabisa. Watu arobaini wamekaa, wanasubiri. Msimamizi akasema, "Safari imekufa."

Nikamwambia, "Nipe kipaza sauti."

"Wewe dereva unajua nini?"

"Baba yangu ndiye aliyekuwa akizionyesha."

Kila kituo niliegesha, nikashuka nao. Pale kwenye ngazi niliwasimulia jinsi mkanda ulivyokuwa ukikatika palepale kwenye busu, nawe unaukata na kuuunga kwa gundi huku ukumbi mzima unapiga miluzi. Kila ukiunga, busu linapungua. Mwaka wa mwisho wale wapenzi walikuwa wakisogeleana tu, mara hao, wameshaoana! Watu walivunjika mbavu. Bibi mmoja akauliza, "Huyo baba yuko wapi tumshukuru?" Nikawaambia wapande basi.

Mwanao,
Kitindamimba

2 Julai

Mwanangu,

Marahaba, mara nne kwa mpigo. Mgongo uko palepale, mama yako anakusalimu.

Umekosea. Ngazi ni thelathini na tatu. Nimemwona bwana harusi akizishuka zaidi ya mara mia tatu, sibahatishi. Hesabu tena. Usiwadanganye watu wa watu.

Mengine umeyasema sawasawa. Sikujua ulikuwa unasikiliza, nilidhani mle kibandani mwa mashine ya sinema ulikuwa ukisinzia.

Baba yako

28 Julai

Baba,

Shikamoo. Nimerudi kuhesabu. Ya chini kabisa imemezwa na lami, kona yake tu inachungulia. Hata mwongozaji wa zamani hakuijua! Sasa kazi yake ni yangu. Nimekukatia tiketi ya mwezi wa kumi. Usianze visingizio vya mgongo.

Kitindamimba

30 Oktoba

Mwanangu,

Hujambo? Nimefika salama. Miguu imevimba, roho nyeupe.

Kuna neno lilinishinda kukwambia nilipokuwa kwako. Miaka mitatu, kila aliyeniuliza habari zako nilimjibu, "Binti yangu anafundisha." Kinyozi, fundi viatu, hata wajomba zako. Niliona haya kusema uliacha chuo, na baadaye kusema u dereva.

Siku ile ndani ya basi, mama niliyeketi naye akaninong'oneza, "Huyu binti anajua! Sijui kasomea wapi." Nikamwambia, "Ni mwanangu. Nimemzaa mimi." Kumbe nimesema kwa sauti ya juu. Ndiyo maana walipiga makofi, wewe ukadhani wanakupigia wewe.

Jana nikaanza na kinyozi. Nikamwambia, "Nilikudanganya. Si mwalimu. Ni dereva, na ni mwongozaji wa watalii."

Akazima mashine. "Hebu kaa vizuri, nieleze tangu mwanzo."

Nilitoka pale baada ya saa mbili, upande mmoja wa kichwa haujanyolewa, na wateja watatu waliokuwa wakingoja hawakunung'unika. Wajomba zako nimewaita Jumapili, wote.

Sasa hivi naelekea kwa fundi viatu. Viatu vyangu havina tatizo lolote.

Mimi,
Baba wa Mwongozaji