Nilichoandika Juu ya Mzee wa Stoo

Jumatatu, 4 Agosti

Tumefika saa nane mchana. Watu ishirini na sita, mahema kumi na matatu, ziwa moja mbele yetu — na vumbi la safari hadi kwenye kope. Kiwanda kimefungwa wiki nzima kwa matengenezo ya mitambo, nasi tumeletwa huku kupumzika, kucheza na "kujenga umoja". Ndivyo lilivyosema tangazo. Tangazo niliandika mimi.

Hata begi sijafungua, Mkuu wa Utumishi akaniita nyuma ya basi. Amenikabidhi daftari jipya. Nitazame makundi yote katika michezo na kazi za kambi. Kila jioni nimpe ukurasa mmoja: nani anaongoza, nani anavutwa, nani anahitaji mafunzo gani. Nisimwambie mtu, kasema, maana watu wakijua wanatazamwa hugeuka waigizaji. Muda wangu wa majaribio katika ofisi yake unakwisha tarehe thelathini na moja mwezi huu. Sikuuliza swali hata moja. Ofisi nzima ina watu wenye miaka kumi, kumi na tano kazini — na daftari nimepewa mimi!

Nimo Kundi la Nne, pamoja na Keshia, Dereva wa lori na Mzee wa Stoo, ambaye ametunza vipuri vya kiwanda kwa miaka thelathini na mmoja. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia huku akigeuza kichwa kuitafuta sauti ilikotoka.

"Aa, kumbe ni Digrii! Leo utalala chini kama sisi tusiosoma."

Kundi zima likacheka. Nami nikacheka, kwa adabu.

Jumanne, 5 Agosti

Kuvuta kamba: tumeshindwa. Mbio za magunia: tumeshindwa tena. Keshia alianguka na gunia lake na akakataa kuinuka mpaka apigiwe makofi.

Baada ya chakula cha mchana nilikaa na Mzee wa Stoo chini ya turubai. Nia yangu ilikuwa kukusanya maelezo — nakiri. Alikuwa ametandika magotini blanketi la marehemu mkewe, la buluu, limetoboka pembeni. Mkewe alifariki mwezi wa tatu. Hii ndiyo safari yake ya kwanza bila yeye. Zamani, kila kiwanda kilipotoka matembezi, mama huyo alimshika mkono tangu kushuka basi mpaka kupanda, na watu wakawatania.

"Walidhani ni mahaba," alisema. "Na yalikuwa mahaba! Usidhani sisi wazee ni mbao."

Kisha akaanza kulikunja blanketi, pembe kwa pembe. Nyumbani, alisema baadaye, hakuna sauti inayomwita. Kwa hiyo hufika kiwandani saa nzima kabla ya lango kufunguliwa, akakaa na mlinzi. Stoo ikishafunguliwa, hapati hata nafasi ya kukohoa: Mzee, beringi! Mzee, mkanda wa mashine ya tatu! Amebakiza miaka miwili kustaafu, na kustaafu kwenyewe anakuogopa.

"Nikiitwa, najua bado nipo."

Nilimmiminia chai.

Mkuu wa Utumishi amesoma ukurasa wangu wa kwanza. Lugha nzuri, kasema, lakini maji mengi. Niongeze mifano.

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya ajabu! Mchezo wa leo: mtu anafungwa kitambaa machoni, anaingiza mkono kwenye mfuko mkubwa, anataja vitu ishirini kwa kupapasa. Keshia alipata saba. Dereva tisa, na betri akaiita mshumaa. Akaitwa Mzee wa Stoo.

Ishirini kwa ishirini. Wala hakusita! Boliti aliigeuza mara moja kati ya vidole: "Saizi kumi na mbili. Na uzi wake wa kukazia umeliwa, msiifunge popote." Watu walipiga kelele, wakambeba juujuu. Kundi la Nne hatimaye tumeshinda kitu. Alikuwa akicheka kama mtoto, kitambaa kikiwa bado machoni, akiomba ashushwe.

Tulipokuwa tukiosha sahani nikamuuliza siri yake. Akaniambia, kwanza kwa mzaha, halafu bila mzaha. Tangu mwaka juzi macho yake yameingia ukungu. Lebo hazisomi tena. Rafu za stoo anazijua kwa hatua: tano kutoka mlangoni ni beringi, tisa ni nati, kumi na mbili ni mikanda. Kila kipuri anakithibitisha kwa kidole, mara mbili. Asubuhi Dereva humsomea karatasi za mizigo kwa sauti, na yeye huzikariri. Hajakosea hata mara moja, alisema, na mimi nimeona mwenyewe kwamba yawezekana kabisa.

Ni mfano gani ungekuwa bora kuliko huo? Nimeandika ukurasa wa leo mara tatu. Nimeusifu ustadi wake kwa sentensi ambazo, bila kujigamba, ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Kwamba macho yake yana ukungu lakini huona kwa vidole pale wengine wanapohitaji lebo. Kwamba kumbukumbu yake inabeba shehena nzima ya siku, akisomewa na Dereva mara moja tu. Nimependekeza apewe vijana awafundishe.

Mkuu wa Utumishi ameusoma mara mbili, akapiga mstari kwa kalamu nyekundu. "Hapa sasa umenipa kitu," kasema.

Nimefurahi mno!

Alhamisi, 7 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Saa nne asubuhi wenzangu wakiwa kwenye mitumbwi, niliitwa hemani kwa Mkuu wa Utumishi. Aliuliza maswali kwa upole. Ukungu huo wa macho ulianza lini hasa? Dereva humsomea kila siku, au baadhi ya siku? Nikajibu yote, tena kwa ukamilifu. Akanitaka nitie sahihi chini ya ukurasa wangu. Nikatia.

Alipoinuka kuchukua simu, niliona karatasi iliyokuwa mezani. Majina ishirini na matano, sote isipokuwa yeye. Safu tatu: Abaki. Ahamishwe. Apumzishwe. Mzee wa Stoo alikuwa kwenye "Abaki". Alikuwa. Jina limekatwa, na mshale mwekundu unaelekea safu ya tatu.

Nilisema nilidhani ni kwa ajili ya mafunzo. Hakukasirika. Kiwanda kinapunguza watu tisa mwishoni mwa mwezi, alieleza, na wiki hii ndiyo imetumika kuamua. Nikasema Mzee hajawahi kukosea. Akaniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mwanafunzi aliyemtegemea.

"Beringi isiyo saizi yake ikifungwa kwenye mashine, utakatika mkono wa nani? Wewe ungekuwa kwenye kiti hiki, mtu asiyeona ungemwachia stoo?"

Wangeweza kumpa msaidizi wa kusoma, wangeweza kumpeleka kwa daktari wa macho — haya yote yamenijia baadaye, nikiwa nimekaa peke yangu juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Kisha akasema nafasi yangu ipo. Ameshaipendekeza.

Na mimi — naliandika hili ili nisije nikajidanganya siku moja — nilisema, "Asante."

Ijumaa, 8 Agosti

Maigizo ya makundi, saa kumi na moja jioni. Sikuwa na hamu ya kushiriki. Nikasema kichwa kinaniuma. Kundi la Nne wakaigiza bila mimi. Mzee wa Stoo alitoka mbele akiwa amebana sahani ya bati kwapani kama daftari, kijiko kama kalamu, midomo ameibinua kisomi.

"Andika! Keshia ameanguka na gunia! Andika! Dereva ameoga leo, mara ya kwanza! Andika! Mzee wa Stoo amekula sahani mbili na sasa anaitazama ya tatu!"

Watu walilia kwa kucheka. Hata Mkuu wa Utumishi alipiga makofi. Halafu Mzee akageukia upande alikodhani nimekaa — sikuwa upande huo — akasema nisikasirike, kiwanda kizima hakina binti mchapakazi kama mimi.

Sikula.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimejaribu mara mbili. Mara zote mbili nafasi imeniponyoka.

Kwanza, Mkuu wa Utumishi. Nilimwomba nirudishiwe ukurasa wa Jumatano niusahihishe. Akauliza: nisahihishe nini? Niliandika uongo? Kama niliandika uongo, hilo ni jambo jingine, nalo lingehitaji kuingizwa kwenye faili langu. Alisubiri nijibu. Nikasema hapana, si uongo. Akarudi kwenye kazi zake.

Halafu Mzee. Nilimkuta ufukweni mwa ziwa, amevua viatu, miguu majini. Nikaanza: Mzee, kuna jambo. Akasema hata yeye ana jambo. Amefikiri, tukirudi atawaomba wenye kiwanda rafu mpya upande wa dirisha, na barua ya maombi nimwandikie mimi, maana nina Kiswahili cha wakubwa. Ameshapanga mpaka boliti zitakaa wapi! Alinichorea mchangani kwa kidole.

Dereva akatukuta hapo. Alinivuta pembeni. Naye aliitwa hemani, akaulizwa kama humsomea Mzee karatasi za mizigo. Amekana. Amesema yeye husoma kwa sauti tu, ndiyo kawaida yake, hata mabango ya barabarani husoma kwa sauti, na anayesikiliza shauri lake. Wakamtisha. Akakana tena.

"Digrii, wewe uko karibu nao," aliniambia. "Nani kamchoma huyu mzee?"

Nikasema sijui.

Jumapili, 10 Agosti

Mahema yameng'olewa. Nyasi chini yake zimekuwa njano, mistatili kumi na mitatu. Saa tatu Mkuu wa Utumishi akapita na bahasha tisa. Huku, si kiwandani. Huku hakuna lango la kuzuia wala mitambo ya kuharibiwa, nadhani. Keshia amepata. Ameketi juu ya begi lake. Dereva naye amepata. Ameikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, kisha akaendelea kupakia mizigo ya wengine kwenye buti.

Naandika haya ndani ya basi. Nilichagua kiti cha nyuma ili niwe peke yangu. Mzee wa Stoo amenifuata, akipapasa kiti kimoja baada ya kingine mpaka akanifikia. Blanketi la buluu liko begani. Bahasha mkononi. Dereva hataki kumsomea leo, alisema, amemjibu kwa mkato, hajui kamkosea nini. Basi nimsomee mimi. Pengine ni habari za rafu, wakubwa wamemsikia kabla hajasema!

Nilimfungulia. Ni kurasa mbili, zimebanwa kwa pini. Nimepitisha macho. Aya ya tatu inasema uamuzi umefikiwa "kutokana na maelezo ya kina yaliyotolewa kwa maandishi na kutiwa sahihi", na cheo changu kipo pale, kimeandikwa chote. Ukurasa wa pili ni mwandiko wangu.

Nimemrudishia. Nimemwambia anisubiri kidogo, namalizia kuandika jambo la kazi. "Maliza, binti yangu," kasema, "kazi kwanza. Mimi sina haraka." Ndiyo maana bado naandika. Nimeshaandika kila kitu na bado naandika.

Anasubiri. Dereva wa basi amewasha injini. Watu wanaingia, wanatutazama, wanapita. Sasa amenigusa kiwiko, ameitandaza barua kwenye goti langu, juu ya nusu ya daftari hili hili — ameishika chini juu, ukurasa wangu ukiwa mbele. Kidole chake kiko kwenye sahihi yangu, akidhani ndio mwanzo.

"Anzia hapa," anasema. "Taratibu, nisikie kila nen—