Orodha Ambayo Hakuna Aliyeiomba

Kolwezi, Machi 2018

Dada Elise,

Kifua kinanimaliza, na moyo hautulii. Jana mjukuu wangu Rachelle alisasisha kompyuta yangu. "Nkambo, prosesa, ubongo wa kompyuta, hukisia kazi kabla ya kuamriwa, na wezi husoma inachoacha," alisema. "Hata neno lako la siri!" Mwambie mjukuu wako Darlène naye asasishe kompyuta yenu.

Mwaka 1992, nikiwa karani wa kompyuta mgodini, nilikisia kwamba wakubwa wangetaka orodha ya wafanyakazi wenye asili ya Kasai, waliokuwa wameanza kuchukiwa hapa. Nikaitayarisha, nikifuata kijiji cha baba wa kila mfanyakazi, na kuandika nyumba anayoishi. Hawakuiomba, nami sikuifuta. Vijana waliokuwa wakiwafukuza watu wa Kasai mjini waliikuta mashineni. Ndivyo walivyoujua mlango wenu kule Musonoi, na mumeo Kalala akafia stesheni mkingoja treni ya kuwapeleka Kasai.

Siku ile mlipofukuzwa ulinishukuru kwa kuwabebea magodoro hadi stesheni. Shukrani hiyo nakurudishia.

Kabamba