Sori Ulizosema Nyumbani Kwangu

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini ulinilea nisianze maneno bila salamu, hata nikija na makosa. Na leo nimekuja nayo.

Tangu tukuzike, simu yangu imejaa sori. Wenzangu wa kazini, pale bandarini, wananiandikia sori wakimaanisha pole ya msiba. Kila nikiisoma nakusikia wewe, maana ndilo neno pekee nililokuachia nyumbani kwangu.

Ulikuja kwangu mjini, Shangani, kutibiwa mguu, nami nikakupokea na amri: humu ndani ni Kiingereza tu, binti yangu Salma asije akaaibika shuleni. Mtoto wa miaka sita. Na wewe Kiswahili chenyewe ulikiokota ukubwani, lugha yako ni Kimakonde. Ukaniuliza, "Sasa mimi nitasema nini, mwanangu?" Nikacheka. Kumbe ulikuwa unauliza kweli.

Ukashika neno moja ulilolisikia kwetu mara kwa mara. Salma akijikwaa, sori. Hukusikia nilichosema, sori. Chumvi ikizidi kwenye kisamvu, sori. Ukitaka kupita sebuleni, sori, mahali pa hodi. Unapiga hodi kwa binti yako wa kumzaa. Kiswahili kikikuponyoka mbele yangu, sori, halafu unaziba mdomo kwa ncha ya kanga. Wageni wangu walicheka, nikawaambia Bibi anajifunza. Nilijiona msomi kwelikweli. Mguu ulipopata nafuu uliomba kurudi kijijini kwenye mikorosho yako, na sikukuzuia.

Msibani ndipo nilipoumbuka. Salma alipita mkekani kwa bibi zake wote, akawaamkia kwa Kimakonde. Mama Mdogo, mdogo wako, akamtania kwa kumwita mke mwenza, naye akamrudishia papo hapo, kwa lugha hiyohiyo. Mkeka mzima ulicheka, kisha ukalia. Mama Mdogo akanishika mkono.

"Hongera, mwanangu. Wenzio wakifika mjini wanaitupa lugha yetu. Wewe umemfunza."

Nikasema asante.

Mama, nilisema asante. Nikakaa pale nikisifiwa, nikala na ubwabwa.

Tuliporudi nyumbani nikamuuliza Salma nani kamfundisha. Akasema Bibi, kila mchana nilipokuwa kazini. "Ukifungua geti, Bibi anasema tunyamaze." Yaani ulijificha na mjukuu wako kusema lugha yenu, kama wezi wa korosho. Ulikuwa unaniogopa. Mimi, niliyelala mgongoni kwako ukipalilia mihogo.

Ile amri nimeifuta, lakini nimeifuta ukiwa hupo tena, haina sifa yoyote. Salma sasa ananifundisha mimi. Ulimi wangu umekuwa mzito, na mwanangu hana huruma, ananirudisha mpaka niseme sawasawa.

Arobaini yako inakaribia. Nakuahidi nitawaambia Mama Mdogo na wenzake, wakiwa wote, kwamba hongera ile niliichukua na haikuwa yangu. Nitawaambia nani alifundisha, na kwa nini alifundisha kwa kunong'ona. Nitasema kwa Kimakonde changu hiki kibovu. Wakicheka, wacheke. Wakininunia, ni haki yao.

Kwaheri, mama. Mungu akulaze pema, penye watu wa kuongea nao kwa sauti.

Mwanao,
Zainabu