Uliikataa Klasi ya Kwanza

Yaya Mwamini, dada yangu mkubwa,

Jana nimerudi kutoka Kabambare. Mgongo unaniuma kwa pikipiki, na kiwiko kimechubuka pale tulipoanguka matopeni karibu na Lusangi. Lakini nilifika. Nimemwona binti yako Riziki, nimesema na mume wako Ramazani. Hapa Kasongo bado sijamsimulia mtu. Nimeona nianze na wewe.

Shemeji Ramazani hajanisamehe. Tangu tukuzike anarudia neno moja kwa kila anayeingia dukani kwake: "Angepanda klasi ya kwanza, angefika." Ni kweli kaka yetu wa Lubumbashi alitulipia klasi ya kwanza sisi wawili, chumba chenye vitanda na mlango wa kufunga, ili daktari wa moyo wa huko akupokee ungali na nguvu. Nami mdogo wako nikakukalisha kwenye mabenchi ya klasi ya pili. Watu wakilisikia hilo tu, wananitazama kama muuaji.

Wewe unajua ilivyokuwa. Tulivuka Lualaba kwa mtumbwi, tukafika Samba umechoka, miguu imevimba hata viatu haviingii. Treni ilipokuja nikakushika mkono kukupeleka mbele, kwenye behewa la vitanda. Ukasimama.

"Kule watu wanajifungia mulango," ukasema. "Nikikata roho, utaita nani?"

Nikakuambia kuna kitanda. Ukanitazama vile ulivyokuwa unawatazama wateja wako wa vitenge wanaokunjua vikwembe vyote kisha hawanunui.

"Kitanda cha nini? Mimi tangu lini nalala? Usiku wote niko nakaa. Nipeleke kwenye kuko watu, Zaina."

Nilibisha, Yaya. Nilibisha mbele ya stesheni nzima mpaka ukaanza kukohoa, ukakosa pumzi. Ndipo nikaacha.

Nilikuelewa baadaye, tulipokwisha kukaa. Tangu uanze kuugua, nyumba ilikuwa imenyamaza. Wewe, ambaye sokoni tulikusikia kabla ya kukuona, wageni walikuwa wanasimama mlangoni, wananong'ona, wanaondoka. Mule behewani hakuna aliyenong'ona. Kuku miguuni, madumu ya mawese, watoto juu ya magunia. Mama mmoja mnene, Mama Faida, muuza samaki wa Kongolo, akasogeza mizigo yake akakupa dirisha. Mkaanza kubishana juu ya samaki wa kukaushwa kwa moshi na samaki wa chumvi, yupi anakaa zaidi bila kuoza. Ulimwambia watu wa Kongolo hawajui samaki. Ukacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba unacheka kwa mabega.

Kisha treni ikaharibika porini. Jua likapanda, bati likawaka, hewa ikawa jasho tupu. Na hapa, Yaya, sijui. Labda kule mbele kulikuwa na hewa. Labda Ramazani anasema kweli. Nilikupepea kwa kikwembe changu. Ukaomba maji. Watu wa nyuma wakapitisha kopo mkono kwa mkono juu ya vichwa, na lilipofika hukunywa; pumzi ilikuwa imekatika.

Nilifungua kinywa. Mama Faida akakiziba kwa kiganja chake.

"Usilie sasa. Watu wa treni wakijua, watamushusha hapa porini."

Akakuegemeza begani kwake, akakufunga kichwa vizuri. Treni ilipotengemaa ikaanza kwenda, alikushika hivyo hivyo, njia yote. Mkagua tiketi alipopita, Mama Faida alikuwa anakupepea. "Iko mugonjwa, acha alale," akasema. Behewa zima lilijua. Mzee aliyekuwa mbele yetu akanyoosha tiketi yake haraka ili yule mtu asikutazame sana. Hata watoto hawakusema.

Tulipofika Kongolo, wanaume wa behewa letu wakakushusha juu ya mkeka, kisha wakakimbilia treni yao. Hata majina yao siyajui. Mama Faida akaita imamu na wanawake wa mtaa. Walikuosha, mimi nikimimina maji. Mikono yangu haikuweza zaidi. Ukasaliwa, ukazikwa kabla ya magharibi. Siku zilizofuata, nyumbani kwa Mama Faida, nilikuwa nalala tu na kuamka.

Hayo yote nilimsimulia Ramazani, mama yake akiwa amekaa pale. Alisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu:

"Alimutaja Riziki?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilimwambia hapana, ulikuwa unaongea habari za samaki.

Ndipo akakaa. "Basi hakujua saa yake imefika," akasema. Kisha akalirudia lile neno lake, taratibu, bila kunitazama: "Lakini klasi ya kwanza angefika." Mama yake akaniletea maji ya kunawa, tukala. Ramazani hakunisindikiza.

Riziki ndiye aliyenifuata hadi kwenye pikipiki. Amerefuka, na sketi ya shule imekuwa fupi. Nilidhani ananiletea mzigo.

"Mama mudogo, yule mama aliyemushika mama, mikono yake iko namna gani?"

Nikamwambia iko mikubwa, na ngozi yake ngumu kwa chumvi. Akaitazama yake mwenyewe, mbele na nyuma. Akarudi ndani.

Nakuacha hapa, Yaya, karatasi imeanza kulowa. Pumzika katika udongo wa watu wale, kwa kuwa walikupokea. Masomo yakifungwa nitarudi Kabambare kumwombea Riziki ruhusa. Baba yake akikataa, nitarudi tena, na tena. Nitampeleka Kongolo kabla nyasi hazijalifunika kaburi lako, na kwanza kabisa nitamfikisha kwa Mama Faida, apeane naye mkono.

Mdogo wako,
Zaina